Nyongeza ya Kathini

Kathini anauza unga Mashimoni, karibu na kioski cha maji chenye tangi jeusi. Ukifika hapo utamkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki, gunia la unga kulia, gunia la ndengu kushoto, na gorogoro moja ya bati ambayo imepondeka upande lakini bado inapima sawa. Atakupimia, atakumiminia, na wakati unafunga mfuko mkono wake wa kulia utarudi kwenye gunia uchote kiganja kimoja zaidi. Hakuna haja ya kumwomba. Nimeona watu wakimwambia inatosha, mama, na bado akaongeza.

Mkono huo una habari yake, na mimi nimo ndani, ingawa sehemu yangu si ya kujivunia.

Kwao ni Kitui, pande za Mutomo. Mama yake aliuza ndengu sokoni, na Kathini aliniambia kwamba alichapwa mara moja tu maishani: siku aliyompimia mteja gorogoro ikajaa sawasawa, akamwacha aende bila nyongeza. Alikuwa na miaka minane. Tangu siku hiyo hakuna mtu amewahi kuondoka mbele yake na kipimo kitupu. Alipokuja Nairobi na mumewe Mbuvi, ambaye ni fundi wa mawe na huja nyumbani Jumamosi kwa Jumamosi, alikuja na mtoto mmoja, Muema, na mkono wake huo.

Tulikutana kwenye kinu cha Mzee Oyoo kule Kawangware 46. Mimi ni Nabwire, wa Busia, nakaa Kisumu Ndogo. Tulikuwa wanawake watatu wa kupakia unga: Kathini, mimi, na Bridgit, msichana mpole ambaye aliimba kwaya na hakugombana na mtu. Asubuhi mimi na Kathini tulipatana pale kwenye kioski cha maji, tukapanda hadi Ngong Road, tukaifuata mpaka Dagoretti Corner, kisha Naivasha Road hadi kazini, kwa miguu. Yeye alitembea kama anafukuzwa. Mimi nilitembea kama mtu aliyelipwa asifike. Miaka tisa alinisubiri Dagoretti Corner, na hakunitupia neno hata siku moja.

Kazi yetu ilikuwa mkebe na mizani. Unachota, unaweka kwenye pakiti ya karatasi, unapima kilo mbili, unakunja, unapaka gundi. Kathini alikuwa akipima kwa jicho tu, mizani akaitazama kwa heshima. Kisha kiganja. Mzee Oyoo alinung'unika kila mwezi kuhusu hicho kiganja, lakini wenye maduka walikuja wakiuliza, "Ziko zile pakiti za Mama Muema?" na mzee hakuwa mjinga wa kukatalia wateja.

Halafu mashine ikaja.

Ilifika na lori siku ya Jumamosi, na Jumatatu ilikuwa imesimama katikati ya kinu, chuma kitupu kinachong'aa. Juu kulikuwa na faneli kubwa ya unga, chini mkanda unaotembeza pakiti, mwishoni mizani nyembamba ambayo pakiti hupita juu yake bila kusimama. Pakiti ikiwa na upungufu, mkono wa hewa unaisukuma kando, pap, inaanguka kwenye kreti. Ubongo wake ulikuwa kisanduku cha kijivu ndani ya kabati la umeme. Fundi aliyekuja kuifunga, kijana mmoja anaitwa Khamala, alikiita PLC, na alikifungua na kukifunga kwa uangalifu wa mtu anayemlaza mtoto.

Mzee Oyoo akatuita.

"Sikilizeni. Hii mashine inataka mtu mmoja tu wa kuiangalia. Mwezi ukiisha wawili wataenda nyumbani, na sitawadanganya. Wiki hii mtashika zamu, saa moja moja. Yule mashine itakubaliana naye ndiye atabaki."

Muema alikuwa kidato cha tatu kule Kitui, na ujenzi wa Mbuvi ulikuwa umesimama kwa sababu mwenye ploti alikosa saruji. Mimi nami nilikuwa na yangu, nisijifanye malaika. Wote tulihitaji hiyo kazi.

Zamu yenyewe ilikuwa rahisi. Unasimama baada ya faneli, unanyoosha mdomo wa pakiti kabla haijafungwa, na mambo yakiharibika unabonyeza kitufe chekundu. Asiyekuwa zamu alipanga pakiti zilizokwisha kwenye mabunda. Kathini alianza. Saa nzima, hakuna hata pakiti moja iliyosukumwa kando. Nikaingia mimi, na kabla sijashika vizuri, pap, pap, pap, kreti ikaanza kujaa. Baada ya nusu saa zikapungua. Bridgit akaingia, zikawa chache zaidi. Zamu ya Kathini ikarudi, hakuna hata moja. Nikaingia mimi, pap, pap. Mtu angedhani mashine imenichukia.

Khamala alibadilisha sensa ya mizani. Alikagua nyaya zote, akalala chali chini ya mkanda na tochi mdomoni, akasimama na unga kwenye nyusi. Siku ya pili hali ile ile. Siku ya tatu ile ile. Mzee Oyoo alianza kucheka peke yake.

"Mashine imempenda Mama Muema," akasema. "Na mimi ni nani nibishane na mashine?"

Sasa niseme ukweli wangu. Mimi nilikuwa nimeona tangu Jumatatu. Nilikuwa nyuma ya Kathini nikifunga mabunda, na niliuona ule mkono wa kulia ukinyoosha mdomo wa pakiti, ukishuka kwenye ndoo ya unga uliomwagika pembeni, ukirudi na kiganja. Kila pakiti. Hata hakuutazama. Mwanzoni nilinyamaza kwa sababu nilitumaini fundi atamwona na kumtoa. Ndiyo, nilitumaini hivyo, na alikuwa ananisubiri Dagoretti Corner kila asubuhi. Mambo yalipogeuka na mashine ikawa yake, nilinyamaza kwa sababu kusema sasa kungekuwa kumchoma rafiki waziwazi. Kunyamaza kuna mlango wa mbele na mlango wa nyuma, na nilipitia yote miwili.

Alhamisi Khamala alimwita Kathini kwenye skrini ndogo ya kabati. Nikasogea.

"Mathe, angalia hapa. Huu mstari ni unga ambao mashine inamwaga. Hii mizani ya mwisho huirudishia habari: zikiwa nzito, punguza, zikiwa nyepesi, ongeza. Saa zako zote mstari unashuka. Mashine inaona pakiti zako ni nzito, inazidi kupunguza. Nabwire akiingia anakuta imepunguza sana, pakiti zake zinatupwa. Inamchukua nusu saa kurudi juu. Wewe huwa unafanya nini?"

"Mimi? Sifanyi kitu," akasema Kathini. Na alisema kweli kama anavyoijua. Mkono ule haukuwa unamwomba ruhusa.

Jioni tulirudi pamoja. Tulipofika Dagoretti Corner alisimama ghafla mbele ya mama mmoja anayechoma mahindi, akainua mkono wake wa kulia akautazama. Ulikuwa mweupe mpaka kwenye kiwiko. Akaangalia wangu. Ulikuwa na unga kwenye ncha za vidole tu.

"Nabwire," akasema polepole, "mimi naongeza."

"Unaongeza nini?" Nilijua vizuri anaongeza nini.

"Unga. Mashine inapunguza, mimi naongeza. Wiki nzima tunavutana na chuma." Akacheka kidogo, kisha akaacha. Tulipokaribia maduka ya Adams, akasema: "Kesho nitawaambia."

Hapo ndipo palikuwa na nafasi yangu. Ningeweza kumwambia, Mama Muema, nyamaza, kazi ni yako, zuia tu huo mkono na hakuna atakayejua. Ningeweza pia kumwambia kwamba niliona na sikusema. Nilimwambia hivi:

"Kama ni hivyo, wewe sema tu."

Na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Naukumbuka mruko wenyewe.

Ijumaa asubuhi, kabla mashine haijawashwa, alimwendea Mzee Oyoo na Khamala akawaonyesha. Alichukua pakiti tupu, akanyoosha mdomo, akashusha mkono kwenye ndoo, akaurudisha. "Ni hivi," akasema. "Sikuwa najua. Mashine yenu haina shida." Khamala alikaa juu ya kreti akashika kichwa, akacheka kwa nafuu mpaka machozi, akamwambia, "Mathe, umeninyima usingizi siku tatu." Kisha alileta kipande cha plastiki ngumu ya kuonea ndani, akakifunga juu ya mkanda kwa skrubu nne, ukabaki upenyo wa vidole tu. Akawasha. Bridgit akasimama, hakuna pakiti iliyotupwa. Mimi nikasimama, hakuna. Kathini akasimama, na nilimwona mkono ukigonga plastiki, tok, ukarudi. Baada ya muda kidogo, tok.

Mashine haikumpenda mtu yeyote. Ikabidi Mzee Oyoo achague mwenyewe.

Alizunguka kinu mara mbili. Mwishowe akauliza nani kati yetu alimaliza shule, kwa sababu kila jioni kuna ripoti ya kujaza kwenye ile skrini, na imeandikwa Kiingereza. Bridgit aliishia kidato cha pili. Kathini aliishia darasa la saba. Nikainua mkono.

"Mama Muema," mzee akasema, naye hakuwa akimtazama, "hakuna mtu ana ubaya na wewe."

"Najua, mzee," akasema Kathini. Akafagia upande wake kama kawaida, akakunja aproni, na mwezi ulipoisha akaenda.

Hiyo sasa ni miaka miwili. Mimi naiangalia mashine. Najua sauti zake, najua mstari wa skrini unapopanda kabla mvua haijaanza, unga unapovuta unyevu. Natembea peke yangu asubuhi, na nimejifunza kutembea haraka kwa sababu hakuna anayenisubiri. Muema alimaliza kidato cha nne mwaka jana. Sijauliza walipitaje, na Kathini hajanieleza.

Unga wa nyumbani nanunua kwake. Ningeweza kuubeba kutoka kinuni kwa bei ya mfanyakazi, lakini nanunua kwake. Jumamosi moja nilimkuta peke yake, akanipimia gorogoro moja, na akiwa bado ameishika hewani akaniuliza, bila ukali wowote, kama anayeuliza habari za watoto:

"Ile wiki ya mashine ulikuwa unafunga mabunda nyuma yangu, sindio?"

"Ndio."

"Uliniona?"

Mtu alikuwa akijaza mtungi kioskini. Nilikuwa na uongo mzuri tayari, nimeuweka miaka miwili. Nilichoka nao.

"Nilikuona."

"Siku gani?"

"Jumatatu."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata hesabu aliyokuwa anaifikiria. Akamimina unga kwenye mfuko wangu. Nikaanza kuufunga haraka, sikutaka kutazama, kwa sababu nilijua safari hii mkono utabaki pale pale ulipo, na nilikuwa nimestahili hivyo. Nikasikia gunia likikwaruza. Alinifungua vidole, akafungua mfuko, akatia kiganja chake.

"Shikilia na chini," akaniambia. "Huo mfuko umechanika."