Beji tuliyodhani ni medali ya babu, kumbe ni ya Mafashisti

Salaam wakuu. Hiki si cha kusimuliwa, kimetokea kwetu hapa Weston, Toronto. Chumvi sijaongeza.

Mzee wangu ana miaka themanini, nilimleta huku baada ya mama kufariki. Babu yangu, yaani baba yake, alikuwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Mwingereza, wakampeleka Abisinia, Ethiopia ya leo, kupigana na Waitaliano.

Alirudi na kopo lenye medali mbili na beji moja, ina shoka lililofungwa pamoja na fimbo. Ukoo mzima tulijua zote tatu alitunukiwa.

Basi kila Novemba, siku ya kuwakumbuka wanajeshi, Mzee anazibandika zote kwenye koti na kwenda nazo kanisani. Anatembea kifua mbele, hasalimiki!

Mwaka huu kwenye lifti tulikuwa na jirani yetu, bibi wa Kihabeshi kutoka Ethiopia, rafiki mkubwa wa Mzee. Aliiona ile beji, akashuka ghorofa isiyo yake. Tangu hapo akawa hamsemeshi Mzee.

Mzee alikonda wakuu. Kila siku ananiuliza amemkosea nini yule mama.

Nikapost picha mtandaoni. Collector mmoja, mkusanyaji wa vitu vya vita, akataka kuinunua siku hiyohiyo. Mwingine akanieleza taratibu kwamba ni alama ya Mafashisti wa Italia.

Na huku kuna mjadala wa sheria ya kuzuia alama za Wanazi hadharani. Mimi na uoga wangu nikataka kuitupa mtoni. Kusoma vizuri, inataja Wanazi, yetu haimo. Nikamkimbilia Mzee na habari njema.

"Sheria haijanikataza," akasema. "Macho ya yule mama yamenikataza."

Tukaenda kugonga kwake, mimi nikitafsiri. Mzee akaomba radhi, akasema bila shaka babu aliichukua kwa askari waliyemteka. Bibi akatuambia wenye alama ile walimuua baba yake, yeye akiwa bado tumboni.

Mzee akasema tunaitupa leo. Bibi akakataa.

"Irudishe kwenye kopo, uandike ilikotoka. Wajukuu wako wajue baba yako alikuja kwetu kupigana nao."

Mzee alilia. Na mimi nililia, sifichi.

Nilichojifunza: sheria isome, lakini anza na uso wa jirani yako.

Na nyie wakuu, kwenu kuna kitu mnajivunia na hamjawahi kuuliza kilitoka wapi? Shusheni hapa, nasoma zote.