Imeli Tatu Zilizoandikwa HARAKA

Spana ikigonga kaunta, ko, ko, ko. Hiyo sauti naisikia hadi leo. Mzee alibisha hivyo kila alipokuja ofisini kwetu hapa Isiolo mjini, ingawa mlango ulikuwa wazi na mimi nilikuwa namtazama. "Salaam aleikum, binti. Bado hujakuwa waziri?" Nami nilikuwa nikimjibu, "Bado kidogo, mzee, natafuta viatu vya kuapishiwa." Jumatatu tuliletewa habari kwamba amefariki, yule mtunza pampu ya kisima kule Kulamawe. Yeye na majirani walikuwa wakivuta bomba la chuma kutoka kisimani kwa kamba, ili waifikie pampu iliyokufa, kamba ikakatika, bomba likamwangukia. Kazi hiyo ilikuwa yetu. Sisi ndio wenye winchi na mafundi.

Wasomaji wangu mnajua kwamba mbali na safu hii mimi ni karani wa kampuni ndogo inayotengeneza pampu. Kwetu fundi hatoki bila ombi la maandishi kwa imeli. Bosi hataki maneno ya simu. Ndiyo maana nilimfungulia mzee anwani kwenye simu yake na kumfundisha mwenyewe, kwa furaha kabisa: "Hapo juu andika HARAKA kwa herufi kubwa, bosi aone." Pampu ilipokufa alinipigia, nikamwambia atume. Kesho yake akapiga tena. "Nimetuma, binti." Nikatazama, hakuna kitu. "Haijafika, mzee. Tuma tena." Siku ya tatu alicheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Ngamia hawajui imeli, mama. Wamesimama hapa wananiangalia mimi." Na mimi nikasema tuma tena.

Baada ya msiba ndipo nilipogundua kwamba zilikuwa zimefika zote tatu. Chujio la imeli linalotukinga na matapeli lilizizuia, kwa sababu tapeli naye huandika HARAKA kwa herufi kubwa, kutoka anwani isiyojulikana. Ipo orodha ya watumaji tunaowaamini, ambao hupita bila kuulizwa, na kuitunza ni kazi yangu. Wamo muuza matairi, hoteli mbili, na jamaa wa Nairobi anayetutumia matangazo ya viti kila asubuhi. Bosi alisema niweke makampuni, nikaweka makampuni. Aliposikia msiba aliuliza, "Sasa si angepiga simu?"

Waongo wapo, sikatai, na mlango lazima ufungwe. Lakini mwenye shida ya kweli huandika kama tapeli, kwa haraka na kwa makosa, huku muuza viti akiandika kwa adabu. Mashine haitajua tofauti. Anayejua ni yule aliyezoea kusikia spana kwenye kaunta, na anapaswa kusema mapema, kabla kisima hakijakauka, kwamba huyu ni mtu wetu. Mimi nilijua, nikanyamaza.

Juzi wenzangu walipoenda kula mchana, nilifungua orodha ile nikaandika anwani yake, herufi moja moja, chini ya muuza viti. Mashine ikauliza kama nina hakika namwamini mtumaji huyu. Nikabonyeza ndiyo.