Kidole Gumba cha Dresa

Mwanangu, kuna siku moja ya miaka ya sitini ambayo naikumbuka hata nisipotaka. Nilikuwa dresa kijana, mfunga vidonda na mgawa dawa, katika zahanati ndogo ya Muhuru Bay, nina saa mpya mkononi na majivuno ya kutosha watu watatu. Mkubwa wangu alikuwa amekwenda Migori kuchukua dawa, kwa hiyo asubuhi ile daktari nilikuwa mimi. Ndivyo nilivyojiona, Mungu anisamehe.

Akaletwa Akinyi, mke wa mvuvi, amefungwa kwa leso nyuma ya baiskeli ya mumewe. Alikuwa ametapika na kuharisha tangu jana yake. Nyuma yao alikuja mkunga mzee tuliyemwita Nyar Karungu, kwani kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa jina la alikozaliwa. Nikamshika mgonjwa mkono, kidole gumba juu ya mshipa, macho kwenye saa. Nikasikia mapigo mazuri, yenye nguvu.

"Huu ni uchovu tu," nikasema. "Mrudishe nyumbani anywe uji."

Mume alishaanza kugeuza baiskeli. Nyar Karungu akauchukua mkono uleule, akauwekea vidole viwili. Akahamia shingoni. Nikaanza kuogopa kabla sijajua naogopa nini.

"Daktari, ulishika na kidole gani?"

"Gumba, dani," nikasema, yaani bibi.

"Gumba iko na mshipa yake. Umejipima wewe mwenyewe. Ya huyu Akinyi inakimbia, na iko mbali. Guza miguu uone."

Miguu ilikuwa baridi, ina jasho. Nikajaribu kwa vidole viwili. Kitu chembamba kilikuwa kinapiga harakaharaka, na nikikandamiza kidogo kinapotea.

Lori la mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, lilikuwa linaondoka kwenda Migori. Nililikimbilia, tukampakia Akinyi juu ya magunia. Kuuliza si ujinga, basi njia nzima nilimuuliza bibi yule kila kitu. Yeye alikuwa akimnywesha uji mwepesi wenye chumvi, kijiko kwa kijiko, maadamu bado anameza. Mara mbili mapigo yalinipotea, na mara zote mbili nilidhani tumebeba maiti.

Hospitalini walimtundikia maji ya mshipa. Jioni akafumbua macho, akaomba chai.

Mumewe akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante daktari. Bila wewe ningezika."

Nami nikajibu, "Ni kazi yangu."

Nyar Karungu alingoja tutoke nje. "Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "ya kidole nimekusamehe. Hiyo ya mdomo utabeba wewe."

Nimeibeba kweli. Mume yule alikufa miaka mingi baadaye akinisifu, na sikupata kumwambia kwamba nilikosea, na kwamba aliyemwokoa mkewe ni Nyar Karungu.

Basi nisikilize. Mshipa upime kwa vidole viwili, kamwe si kwa gumba. Ukiukuta dhaifu na wa mbio, na mgonjwa ana baridi, jasho au kizunguzungu, hasa kama ametapika, ameharisha au amepoteza damu, usiseme uchovu. Mwili unaishiwa maji au damu, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, maana mficha maradhi kilio humuumbua, na kosa nalo ni maradhi.

Mungu akupe vidole vyepesi vya kusikia, mwanangu, na akupe kifua cha kusema, "Nilikosea," angali hai yule anayestahili kuambiwa.