Miraba ya Chaki Mlangoni

Miraba ya namba tulijifunza katika darasa la ngumbaru, mimi na mume wangu, baada ya kuhamia shamba la majani chai upande wa Kericho. Sisi tulikuwa wageni pale. Kwetu ni Kisii, na tulitoka huko kwa sababu ardhi ya baba mkwe ilikuwa imegawanywa kwa wana wengi, kila mmoja akabaki na kipande kisichoweza kumlisha mke na mtoto. Mume wangu alipata kazi kiwandani, kwenye mitambo ya kukausha majani. Mimi nilichuna.

Mwalimu wetu alikuwa mama Mkipsigis kutoka Sosiot, mpole, mwenye sauti ya chini. Aliona tunachoka na hesabu za kujumlisha, basi siku moja akachora ubaoni miraba mitatu. Ule mdogo ulikuwa na vyumba tisa, na hata watoto wangeuweza. Ule mkubwa ulitutisha. Wa katikati ndio tulioupenda: vyumba kumi na sita, namba kuanzia moja hadi kumi na sita, kila namba mara moja tu, na kila mstari, uende chini au uende kando, ulete thelathini na nne. Yeye aliandika namba chache, zilizobaki tukatafuta sisi. Kama mstari una kumi na sita, tatu na mbili, hicho chumba cha mwisho hakina budi kuwa kumi na tatu. Hizo ndizo rahisi. Nyingine unaweza kuzishika kichwani siku nzima ukichuna, huku mikono inaenda yenyewe.

Mume wangu aliomba kipande cha chaki, akachora mraba nyuma ya mlango wa nyumba yetu kule laini, kwenye safu za nyumba za wafanyakazi. Yeye alifanya kazi kwa zamu, mara nyingi akirudi mimi nimeshatoka. Basi nikitoka asubuhi nilijaza namba moja, naye akija alijaza yake. Ukiisha, tulifuta kwa kitambaa kilicholowa na kuanza mwingine. Binti yetu alikuwa ameanza kusimama kwa kushikilia vitu, na alikuwa akifuta zile namba za chini kwa viganja vyake. Baba yake alizirudishia bila kunung'unika, ila akaanza kuchora miraba juu zaidi.

Mvua kubwa ya Aprili ilikuja na surua. Mtoto alishikwa na homa, macho yakawa mekundu, kisha kifua kikambana. Tulimpeleka zahanati, akapewa dawa, tukaambiwa tumpe maji na tungoje. Alifariki mgongoni mwangu, mchana, nikirudi naye kutoka huko mara ya pili. Sikujua mpaka jirani aliponisaidia kumteremsha.

Kwetu mtu huzikwa nyumbani. Mume wangu alitafuta gari, akaenda kwa karani, akaenda kwa madereva wa lori. Wote walimhurumia na wote walimjibu jambo moja: barabara ya Sotik, ile ya kwenda kwetu, imekatika, magari yamezama kwenye matope, hakuna anayepita. Alitaka kumbeba kwa miguu. Wazee wa kanisa wakamketisha wakamwambia hawezi. Tukamzika penye makaburi ya wafanyakazi, juu ya mto, kwenye ardhi ambayo si yetu wala haikuwa ya mtu yeyote tunayemjua. Shemeji zangu waliposikia walituma neno kwamba tumemtupa mtoto ugenini.

Baada ya hapo nyumba ilinyamaza. Wanawake wa laini walikuwa wamezoea kuniita mama wa fulani, kwa jina la mtoto. Sasa walifika mlangoni wakasita, wasijue waniite nani, wakaishia kusema "wewe" au kukohoa tu. Mume wangu alikula nikimpakulia, akaniambia asante, akalala. Jina la mtoto halikutoka kinywani mwake. Sikumlaumu, kwa sababu halikutoka kwangu pia.

Lakini siku moja nilirudi nikakuta amechora mraba. Niliutazama kwa muda mrefu kikapu kikiwa bado mgongoni. Kesho yake nikajaza namba. Tuliendelea hivyo miezi mingi, bila kuulizana lolote, na nitasema kweli kwamba pengine siku nzima ilipita bila neno lingine kati yetu isipokuwa hizo namba mbili.

Kisha ukaja wakati wa jua. Nilifika nyumbani nikaona ameandika saba, na saba ilikuwa tayari pale, kwenye mstari uleule. Mume wangu hakuwa mtu wa kukosea hivyo. Siku hiyo sikwenda mtoni. Niliketi nikamngoja. Alipoingia nikamwambia, "Saba ziko mbili."

Akautazama mlango kana kwamba ni wa nyumba ya mtu mwingine.

"Barabara imekauka," akasema. "Leo lori zimefika Sotik na kurudi, mchana tu. Dereva anasema hata vumbi liko."

Akakaa chini sakafuni na viatu vyake vya kiwandani, akalia. Nami nikakaa kando yake. Hapo ndipo nililitamka jina la mtoto wetu, naye akalitamka baada yangu, polepole, kama mtu anayejaribu kiungo kilichovunjika.

Nisingependa mtu afikiri kwamba tulipona siku ile. Tulianza tu kuongea. Miaka ilipita, tukapata watoto wengine, na mwishoni tukanunua shamba dogo huko Boito, tukapanda chai yetu wenyewe. Siku ya kuhama tulienda makaburini. Majani yalikuwa marefu, na mvua zilikuwa zimelisawazisha tuta, tukabaki kubishana kwa sauti ya chini kama ni hapa au ni pale. Tulipalilia pande zote mbili. Mume wangu alitaka kumhamisha, akauliza, akaambiwa haiwezekani. Hakuuliza tena.

Mwaka mmoja kijana wetu mkubwa alirudi kutoka shule na swali. Mwalimu alikuwa amewataka waseme ni wa ngapi kuzaliwa kwao. Alimkuta baba yake akinoa panga uani.

"Niliwaambia mimi ni wa kwanza," alisema. "Si ndivyo, baba?"

Mume wangu aliacha kunoa.

"Hapana. Wewe ni wa pili," akamwambia. "Kaa hapa nikueleze."

Nikaingia jikoni nikawaacha. Walikaa pale mpaka chai ikapoa.