Jumamosi Niliyokata Kalikiti

Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu nilipokata kalikiti, ule mtindo wa nywele za mawimbi zilizolowa mafuta, na kufikia wakati huo wanaume wengi wa mtaa wetu wa Mbotela, hapa Nairobi, walikuwa wameshaiacha. Wale tulioanza nayo pamoja, miaka ya themanini ikielekea kuisha, walikuwa wamerudi kwa kinyozi mmoja mmoja, wengine kwa sababu ya wake zao, wengine kwa sababu ya mito na makochi yaliyochafuka mafuta. Mimi nilibaki. Nikiwapita vijana wa mtaa walioketi ukutani, walinisalimu kwa heshima ya kejeli, kana kwamba mimi ni mzee wao: "Niaje, buda. Gari yako inavuja oili." Nilicheka nao nikaendelea na njia yangu, kola imelowa jeli.

Hawakujua kwa nini nilikuwa nimeng'ang'ania mtindo uliokwisha. Sababu ilikuwa nyumba ya nne kutoka kwangu, katika chumba cha mbele kilichogeuzwa saluni.

Msusi wangu alikuwa mwanamke wa rika langu, aliyekuja kutoka upande wa Machakos na kupanga nyumba hiyo peke yake. Alikuwa na kiti kimoja cha ofisi ambacho magurudumu yake yalikuwa yameng'olewa, kioo kirefu, na pazia la maua lililotenganisha wateja na kitanda chake. Aliniita jirani, nami nikamwita jirani. Kila baada ya majuma saba hivi, nywele zangu zikishaota chini na kuanza kujikunja zenyewe, alinipaka dawa yenye harufu ya yai lililooza, akazilainisha, akazizungushia rola ndogondogo moja baada ya nyingine, akazimwagia dawa ya pili ili mawimbi yashike. Kazi hiyo ilichukua nusu siku. Katikati ya majuma hayo saba nilikwenda karibu kila Jumamosi, mara kuoshwa, mara kupunguzwa ncha, mara bila sababu ya maana.

Hakuwa msemaji sana akiwa kazini. Alinigeuza kichwa kwa vidole viwili, kimoja chini ya kidevu na kingine nyuma ya sikio, nami nikageuka. Siku za kazi nilikuwa nikipiga chapa katika ofisi ya mawakili kule mjini, ambako mtu akinikaribia ni kuniwekea karatasi mezani. Nilikuwa kapera. Juma zima lingepita bila mkono wa mtu kunigusa, halafu Jumamosi inafika, na vile vidole viwili vinaniambia nielekee wapi.

Siku moja maji yalikatika dawa ikiwa bado kichwani. Alikuwa na mtungi mmoja tu uliojaa, na alikuwa ameutumia kwa mteja aliyenitangulia, akiamini bomba la nje lingeendelea kutoka. Alipofungua bomba likakohoa hewa.

"Jirani, usijikune," aliniambia. "Nakuja."

Alitoka mbio bila viatu. Nilibaki nikijitazama kiooni, dawa nyeupe imenifunika kichwa kama povu la kunyolea, na utosini pakaanza kuwasha, halafu kuchoma, halafu kuchoma kweli. Nilishika mikono ya kile kiti. Aliporudi alikuwa amebeba ndoo aliyoinyakua kwa mama wa nyumba ya pili aliyekuwa akifua nguo za watoto. Yalikuwa maji ya sabuni, na alinimwagia hivyohivyo, akanikamua nywele, akamwaga tena, hadi ndoo ikaisha.

Kisha akainama akanipuliza utosini. Alipuliza polepole, kama mtu anayempozea mtoto uji.

"Pole, jirani. Nimekuchoma."

"Haiumi."

"Usinidanganye. Machozi nayaona."

"Ni harufu ya dawa."

Aliendelea kupuliza, kiganja chake kimenishika shingoni. Ningetaka kusema neno wakati ule, na neno lenyewe nilikuwa nalo, lakini mteja mwingine alikuwa ameshasimama mlangoni akiuliza kama angepata nafasi. Nilikaa wiki tatu na kidonda utosini. Kilipopona, nikarudi kupakwa dawa ileile.

Baba yangu alikuja Nairobi mwaka huohuo. Nilimwita Mzee, naye aliniita Baba, kwa kuwa nilipewa jina la baba yake. Alikuwa fundi wa mabehewa katika reli kwa maisha yake yote ya kazi. Mama aliishi kijijini, huko Magharibi, akitunza shamba na ndugu zangu wadogo, nami nikalelewa na Mzee hapa mjini ili nisome. Ndiye aliyeninyoa tangu nikiwa darasa la kwanza hadi namaliza sekondari. Aliniketisha mlangoni kwenye kigoda, akanikata kwa mkasi na kitana cha mti, na alipomaliza alipitisha mkono wake mzito juu ya kichwa kizima kukagua kama pamesawazika. Hakuwa mtu wa kukumbatia watoto. Mkono ule ndio ulikuwa salamu yake, pongezi yake na kwaheri yake.

Alipostaafu aliniachia nyumba akarudi kwao. Nilipoanza kuweka kalikiti aliniona mara moja tu, Krismasi, akanitazama kwa muda, akasema, "Sawa." Baadaye macho yake yakafunikwa na mtoto wa jicho, yote mawili, hadi akawa anaona mwanga na kivuli tu. Ndugu yangu akampandisha basi aje apasuliwe Nairobi.

Nilimpokea kwenye stendi ya mabasi karibu na Muthurwa, mahali alipoishi katika nyumba za reli kabla sijazaliwa. Alishuka akiwa amevaa koti lake la zamani la kazi. Alisimama katikati ya makelele, akiinua pua juu.

"Hapa ni Muthurwa," alisema. "Moshi wa makaa haujabadilika."

"Karibu, Mzee."

Aligeukia sauti akanyoosha mkono, akautafuta uso wangu, halafu kichwa. Vidole vyake vikazama ndani ya jeli. Aliurudisha mkono haraka, akanusa vidole, akavipangusa kwenye koti.

"Samahani, bwana," alisema kwa ile sauti aliyowawekea watu asiowajua. "Namngoja kijana wangu."

"Ni mimi, Mzee."

"Ni wewe, Baba?"

"Ni mimi."

Alicheka kidogo, akanishika kiwiko, tukaondoka. Nafikiri alikuwa ameona haya kuliko mimi. Kwa siku tano tulizokaa tukingoja tarehe ya hospitali alikula nilichompikia, alisikiliza redio, aliniuliza habari za majirani wa zamani mmoja mmoja, lakini kichwa changu hakukigusa tena. Nilikuwa nikipita karibu na kiti chake zaidi ya ilivyolazimu. Nilikuwa mtu mzima mwenye kazi na funguo za nyumba, na nilikuwa nikijipitisha kwa baba yangu kama paka anayetaka kushikwa.

Siku ya sita ilikuwa Jumamosi. Nilikwenda saluni nikakuta kiti ni kitupu.

"Leo tunaosha ama tunapaka?" aliuliza msusi wangu.

"Leo tunakata."

"Ncha?"

"Zote. Mpaka chini."

Alikuwa akikunja taulo. Aliliweka juu ya meza, akaja akasimama nyuma yangu, tukatazamana kiooni.

"Ni ile siku niliyokuchoma?"

"Hapana. Ni Mzee wangu. Hanijui nikiwa hivi."

Akaitikia taratibu kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Alinifunga kitambaa shingoni. Halafu, akiwa tayari ameinua mkasi, akauliza, "Nikizikata, jirani, utakuwa ukija hapa kufanya nini?"

Nimelijibu swali hilo mara nyingi tangu siku hiyo. Nimelijibu nikiwa ofisini, nikiwa kanisani, nikivuka Jogoo Road. Majibu yangu ni mazuri. Lakini siku yenyewe nilimwona kiooni akingoja, nikasema, "Nitakuja kukusalimia."

"Haya," akasema, akaanza kukata.

Alikata polepole kuliko kazi ilivyohitaji. Mawimbi yaliyolowa yalianguka sakafuni bila sauti, mazito, na chini yake zikatokea nywele zangu mwenyewe, fupi, nyeusi bila mng'ao, zimejikunja kama mbegu. Nilikuwa sijaziona kwa miaka saba. Alipomaliza alipitisha kiganja mara moja, kutoka paji la uso hadi kisogoni.

"Kumbe ulikuwa na kichwa kizuri," alisema. Kisha akafungua kile kitambaa, akakikung'uta mlangoni, na nilipoaga akaniambia, "Karibu tena," kama anavyomwambia mteja yeyote.

Mzee alikuwa ameketi nje ya mlango, akiota jua. Nilichukua kigoda nikakaa mbele yake, nikashika mkono wake nikauweka kichwani. Hakustuka. Vidole vyake vilikaa kimya kwanza, halafu vikaanza kutembea, juu ya masikio, utosini, vikakwama mahali palipokuwa na kovu, vikapita.

"Umenyoa lini?"

"Sasa hivi."

"Nani amekunyoa?"

"Jirani."

"Anajua kazi. Lakini upande huu amebakisha." Akanyoosha mkono mwingine. "Nipe mkasi."

Nilimpa. Mtu ambaye hakuweza kuniona uso aliniinamisha kichwa, akapapasa kwa kidole gumba, akakata pale juu ya sikio, akapapasa tena, akakata. Sikuogopa. Nilisikia pumzi yake na ule mkasi, na wakati uleule nilikuwa nikiwaza kile chumba cha nyumba ya nne, kama msusi wangu ameshafagia nywele zangu sakafuni. Nilikuwa nimepata mkono mmoja nikapoteza mwingine, yote kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana.

Mzee alipasuliwa jicho la kulia na upasuaji ukafaulu. Bandeji ilipotolewa alinitazama kwa makini akasema nimezeeka. Baada ya wiki mbili nikamsindikiza kwenye basi lake.

Nywele zikaota. Nilikuwa nimesahau tabia zake. Kitana changu chembamba kilivunjika meno. Zilikuwa zikikauka ifikapo saa nne asubuhi, zikashika vumbi la Jogoo Road, zikajifunga mafundo nyuma ambako sikuweza kuona. Wale vijana wa ukutani walipoziona, mmoja akasema, "Sasa buda amekuwa msee wa maana," nikafurahi kuliko nilivyotaka.

Saluni nilikwenda kusalimia, kama nilivyoahidi. Nilikwenda mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa akisuka mteja, nikapewa stuli, nikasoma gazeti la mwezi uliopita. Mara ya pili walikuwapo wateja watatu wakizungumza mambo ya kike, wakanyamaza nilipoingia. Mwanaume ambaye nywele zake hazihitaji kitu hana pa kukaa ndani ya saluni. Nilisimama, nikauliza habari, nikaambiwa ni nzuri, nikaondoka. Baada ya hapo nilipita tu, na nikipita nilitazama kile kiti.

Kabla mwaka haujaisha nilikuta chumba kimefungwa na pazia limetolewa. Mama wa nyumba ya pili aliniambia, "Yule dada alihamia mtaa wa Fedha, kule Embakasi. Hakukuaga?"

Nilikaa miezi mingi kabla ya kwenda, na nilipokwenda nilijiambia ninamtafuta mtu wa kunisaidia mafundo ya kisogoni. Nilimpata katika duka lenye mlango wa kioo, na wasichana wawili wakimsaidia. Alikuwa na pete. Aliponiona aliweka chini alichokuwa nacho.

"Jirani," alisema, ingawa hatukuwa majirani tena.

Aliniketisha bila kuuliza nimefuata nini. Akaingiza vidole kwenye nywele zangu hadi vikapotea.

"Zimekuwa nyingi."

"Zinanishinda kuchana."

"Unaanzia chini kwenye ngozi, ndiyo sababu. Anza kwenye ncha. Kwanza maji, halafu ncha, halafu unapanda kidogokidogo." Alichukua kitana chenye meno mapana akanyunyiza maji, akaanza, fundo baada ya fundo, na hakuna lililouma. Wale wasichana walikuwa upande wa pili na kelele za mashine ya kukaushia nywele. Aliongea bila kuinua sauti.

"Siku ile nilikuuliza swali."

"Nakumbuka."

"Ukasema utakuja kunisalimia."

"Nilikuja."

"Mara mbili," alisema. "Nilingoja ya tatu."

Kwenye kioo sikuthubutu kumwangalia, nikaangalia mikono yake, na ile pete ikitokea na kuzama ndani ya nywele zangu. Hakuharakisha. Alichana hadi kichwa kizima kikawa kimesimama laini na sawa, akageuza uso wangu kwa vidole viwili kuukagua, kidevuni na nyuma ya sikio, kisha akaviondoa.

"Umependeza," alisema. "Msalimie Mzee."

Nilitembea kwa miguu kutoka Fedha, ndege zikishuka juu ya Embakasi, na niliogopa upepo kama mtu aliyebeba sinia la mayai. Mzee alifariki miaka michache baadaye, akiwa anaona. Mimi nilioa, mwanamke mwema ambaye hajawahi kuniuliza kwa nini situmii dawa kichwani. Fedha sikurudi. Baada ya siku ile msusi wangu aliponichana, sikutaka kugusa nywele, na kwa siku nne nilikwenda kazini hivyohivyo, zikiharibika kidogo kila asubuhi. Siku ya tano zilikuwa zimeshikana kabisa. Nilijaza maji kwenye kikombe, nikaketi kitandani, nikaanza kwenye ncha.