Vimkate vya Etelka

Kijijini kwetu, karibu na mji wa Szeged, mgeni asiposhiba ni aibu ya mwenye nyumba. Jirani yangu Etelka alikuwa balaa zaidi: ukisema umeshiba, anakuongezea. Vimkate vyake vya pogacha, vyenye vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa vikakauka, vimeninenepesha mimi hapa na simlaumu.

Mjukuu wake Kincső, wa miaka sita, alikuwa akiugua tumbo kila akitoka kwa bibi. Hospitalini walimtoa damu, ikatulia kwenye kichupa, juu ikawa nyeupe kama maziwa. Wakakataza mafuta. Etelka akatii: akaacha ya nguruwe, akampikia kwa mafuta ya bata bukini. Kwetu hayo ni dawa ya kifua, nani angeyaita mafuta? Mtoto akalazwa tena.

Bálint, mwana wa Etelka, alimjia juu. "Mama, basi! Usimlishe tena mwanangu."

Etelka alilia jikoni kwangu mpaka nikalia naye. Kesho yake akapanda basi kwenda kwa daktari wa mtoto, mwanamke kijana.

"Binti yangu, nieleze kama mtu mjinga," alimwambia.

"Mafuta ukiyala, bibi, huingia kwenye damu. Misuli, moyo na shahamu ya mwili huyavunja kwa kimeng'enya, kitu cha mwilini kinachokatakata mafuta, ndipo yaingie ndani yake. Misuli huyachoma, shahamu huyaweka akiba. Kimeng'enya hicho cha Kincső hakifanyi kazi, yanabaki damuni. Ini lina kimeng'enya chake, nacho ni kizima, ila mzigo wote hakiuwezi."

"Na ya bukini?"

"Ni mafuta, bibi."

Etelka akainamisha kichwa. Daktari akamshika mkono, akamwambia yapo mafuta maalumu yaliyotengenezwa kutokana na nazi, ambayo huenda moja kwa moja kwenye ini na kuchomwa hukohuko. Hayo mtoto anaruhusiwa, kidogo tu.

Majira yote ya baridi Etelka alijaribu pogacha za viazi kwa mafuta yale. Za kwanza mbwa wangu alizinusa akaondoka. Nilimtania, akanitupia moja.

Siku ya kuchinja nguruwe, majirani tukila kwa Etelka, Bálint alikuja na mtoto, uso umekunjwa, hata koti hakumvua. Etelka akaweka mbele ya mwanawe sahani ndogo ya vimkate vya viazi, na chupa ya mafuta ya hospitali kando. Bálint alisoma maandishi ya chupa, akaonja kimoja, akamsogezea bintiye sahani.

Kincső akala kimoja. Akala cha pili. "Bibi, niongeze!"

Sote tuliacha kutafuna. Mwanamke huyu hajawahi kumnyima mtu chakula, na mtoto alikuwa akimtazama kwa macho ya kuomba.

"Hapana, kipenzi changu. Viwili vinatosha."

Kincső akanuna. Bálint akamvua mtoto koti.

"Mama, leo atalala kwako."