Shahidi Aliyekataa Kuapa

Enzi za Waingereza nilikuwa Lindi sina kazi, na kwa mtu asiye na kazi hapakuwa na burudani ya bure kuishinda baraza ya liwali, alikoamulia kesi. Shule niliiacha mapema. Elimu iliyobaki niliipata kwenye benchi la nyuma la baraza hiyo.

Siku hiyo mjane wa Kilangala alikuwa akipigania shamba la mikorosho. Shemeji yake alidai ni mali ya ukoo. Mjane alikuwa na shahidi mmoja tu, jirani yake, mwalimu wa dini wa misheni, aliyewaona yeye na marehemu mumewe wakipanda miche.

Shemeji alitia udhu, akaapa kwa msahafu bila hata kumeza mate. Kwa ajili ya mwalimu, serikali ilikuwa imejiandaa: tarishi alileta Biblia kutoka bomani, safi kabisa, kama kitu kisichofunguliwa.

"Weka mkono, uape," liwali akasema.

"Siwezi, Bwana Liwali. Humo ndani Yesu amekataza kuapa."

"Humu? Kitabu hiki hiki?"

"Hicho hicho. Nikufungulie?"

Liwali alimtazama tarishi kana kwamba yeye ndiye aliyekiandika.

"Mwalimu, apa!" mjane akapiga kelele. "Utatubu Jumapili!"

"Nitasema kweli tupu, mama, lakini siapi."

Basi ushahidi wake haukupokelewa, na shamba likaenda kwa shemeji. Dola ya mfalme Mkristo haikuweza kumwamini Mkristo anayetii. Karani wa boma, tuliyekaa naye benchi moja, aliniambia tukitoka kwamba sheria ya Waingereza inamruhusu mtu wa namna hiyo kuahidi tu kwamba atasema kweli, bila kiapo. Nikamuuliza, mbona hakusema mle ndani?

"Sikuulizwa," akajibu. Mtu kama huyo hakosi kupandishwa cheo.

Udadisi ulinipeleka Kilangala, nikalala kwa mwalimu. Asubuhi mjane alisimama mlangoni, jembe begani.

"Hodi, mwalimu. Roho yako imebaki safi?"

"Namshukuru Mungu, mama."

"Hongera. Mimi ndiye niliyeilipia. Haya, ushahidi waliokataa kuupokea nipe mimi: nionyeshe mikorosho yangu ni ipi."

Mwalimu alinigeukia, labda akitumaini nina aya ya kumwokoa. Akachukua panga, akatangulia shambani, akaanza kutia alama kwenye magome, mti mmoja baada ya mwingine.

"Na ule mkubwa?" mjane akauliza.

Akautia alama na ule.